Ngozi Inapokataa Dawa: Namna ya Kufuatilia Muwasho na Mabaka Yanayoweza Kuashiria Saratani ya Tezi

Juni na Julai, nusu ya watu wa Makete, Njombe na Uporoto hujikuna. Baridi inakausha ngozi, maji ya kuoga yanachemshwa hadi yanatoa mvuke, na sweta la sufi linakwaruza mgongo kutwa nzima. Muwasho wa namna hiyo ukipakwa mafuta unatulia, na mvua za Novemba zikianza huwa umeshasahaulika. Hauna cha kuogopesha.

Upo muwasho mwingine, na yapo mabaka mengine, ambayo hayafuati msimu wala hayasikii dawa. Kwa watu wachache, hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokaa kwenye tezi za shingo, kwapa, kinena, kifua na tumbo. Saratani hii huigusa ngozi kwa njia mbili. Wakati mwingine chembe zenyewe za saratani zimekaa ndani ya ngozi. Wakati mwingine zimejificha mbali, kwa mfano kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, na ngozi inaitikia kemikali zinazomwagwa kwenye damu. Ndiyo maana mtu anaweza kujikuna miezi kadhaa kabla ya tezi yoyote kuonekana.

Huna haja ya kutafuta saratani kwenye kila kipele. Kazi ni kutibu kwanza kile kinachoonekana, kwa dawa iliyo sahihi na kwa muda kamili, huku ukiandika tarehe. Ngozi ikikataa dawa sahihi, acha kununua krimu ya tatu na ya nne, ukapimwe. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji hutokea hapo, kwenye krimu ya tatu na ya nne.

Muwasho usio na upele

Mwangalie mgonjwa mchana, karibu na dirisha, akiwa amevua nguo za juu. Jiulize: vipele vilitangulia kujikuna, au alama zote zimeletwa na kucha?

Kwenye upele wa kuambukiza, vipele hutangulia. Vinakaa katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kiunoni, makalioni, kwenye chuchu na sehemu za siri, na mara nyingi kuna mwingine nyumbani anayejikuna pia. Kwenye muwasho unaotoka ndani ya mwili, ngozi ilikuwa safi mwanzoni. Baadaye inajaa mikwaruzo mirefu, kisha vinundu vyeusi vigumu miguuni na mikononi kwa sababu ya kukunwa kila siku. Mgeuze uone mgongo. Ukikuta pande zote mbili zimechakaa lakini katikati, kati ya mabega, pamebaki pazima kama kipepeo aliyetandaza mbawa, ujue ngozi imeharibiwa na mikono tu, maana mikono haifiki pale. Alama hiyo haikuambii ugonjwa ni upi. Inakuambia usiulaumu upele.

Sababu za ndani za muwasho ni nyingi, na nyingi si saratani: ini (angalia macho kama yana manjano na mkojo kama umekuwa mweusi), figo, tezi ya koo, upungufu wa madini ya chuma, VVU, na baadhi ya dawa. Limfoma ya Hodgkin ni mojawapo tu. Ina jina la daktari Thomas Hodgkin wa London aliyeieleza mwaka 1832, na hupendelea vijana wa kati ya miaka 15 na 35, kisha tena watu wa zaidi ya miaka 55. Muwasho wake mara nyingi huanzia miguuni, unapanda mwili mzima, unazidi usiku, na vidonge vya mzio kama piritoni au setirizini haviufanyi kitu zaidi ya kumlaza mgonjwa usingizi. Kijana wa miaka 22 anayejikuna hadi damu usiku kucha, ngozi haina upele, na hakuna mwingine nyumbani anayewashwa, asiambiwe ni aleji ya sabuni miezi sita mfululizo.

Tibu hivi kabla ya kuhukumu.

Kama ni ukavu: oga kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa dakika zisizozidi kumi. Sabuni ya kufulia usiitumie mwilini. Ukishajifuta kidogo tu, ngozi ingali na unyevu, paka mafuta mazito ya mgando mwili mzima, mara 2 kwa siku, kwa wiki 2 hadi 4. Ukavu wa baridi hauvumilii utaratibu huo.

Kama unashuku upele: wanafamilia wote watibiwe siku moja, hata wasiowashwa. Dawa ya kupaka ya benzili benzoeti ipakwe kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha pia, kwa siku ulizoelekezwa. Kwa mtoto uliza kwanza namna ya kuizimua. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Yasiyofulika, kama koti zito au blanketi la manyoya, yafungwe kwenye mfuko wa nailoni kwa siku 3 au zaidi, maana mdudu wake haishi muda mrefu nje ya mwili wa mtu. Kosa kubwa ni kumpaka anayejikuna peke yake. Wiki moja baadaye anaambukizwa tena na mwenzake wa kitandani, na dawa inalaumiwa bure. Fahamu pia kwamba baada ya tiba nzuri muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4, kwa sababu mabaki ya wadudu waliokufa bado yamo kwenye ngozi. Ukipita wiki 6 tangu dawa na bado unawashwa vilevile, hiyo tarehe iandike.

Kwa wanaoishi Rungwe, Busokelo, Kyela na Ileje, karibu na mito iendayo kasi, lipo jambo jingine la kuuliza: usubi. Minyoo yake inawasha ngozi vibaya, inaacha madoa meupe na meusi kama ngozi ya chui kwenye miundi ya miguu, na inaweza kuvimbisha tezi za kinena. Hapo dalili zinafanana kweli na tunachokitafuta. Mwambie mganga kama unatoka bonde la mto, na kama umekuwa ukimeza dawa ya usubi inayogawiwa na serikali au umekosa miaka kadhaa.

Wanaofanya kazi kwenye pareto, kwenye dawa za nyanya au kwenye kiwanda cha kutibu nguzo za mbao wana muwasho wao pia. Huo hukaa kwenye mikono, uso na shingo, na likizo ya wiki 2 huutuliza. Muwasho wa limfoma haujui likizo.

Mabaka yaliyojificha chini ya nguo

Limfoma ya ngozi inayopatikana zaidi kuliko nyingine zote inaitwa maikosisi fungoidesi. Jina lake limewapotosha wengi. Daktari Mfaransa, Alibert, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1806, ndiye aliyeliweka, kwa sababu vinundu vya hatua za mwisho vilimkumbusha uyoga. Si fangasi. Dawa ya fangasi haiigusi, na mgonjwa akilisikia jina hilo kwenye korido ya hospitali anaweza kurudi nyumbani akaendelea kununua tyubu za dawa ya fangasi kwa mwaka mzima.

Kwenye ngozi nyeusi, hasa kwa watoto na vijana, ugonjwa huu mara nyingi huja kama mabaka yaliyopauka kuliko ngozi inayoyazunguka. Vitabu vingi huonyesha wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo huonekana kama zambarau, kahawia iliyoiva au kijivu, au hauonekani kabisa. Tafuta mahali jua lisipofika: makalioni, kiunoni, mapaja kwa ndani, kwapani, chini ya matiti. Baka halina mpaka mkali. Uso wake unaweza kuwa na magamba membamba, na ukilivuta kidogo kwa vidole linakunjamana kama ganda la juu la kitunguu kilichokauka. Linaweza kuwasha au lisiwashe. Halina haraka, linakaa miaka, moja linafifia, jingine linatokea pembeni. Ni jambo la kawaida mgonjwa kukaa miaka kadhaa tangu baka la kwanza hadi kupata jibu.

Litofautishe na haya ambayo ni ya kawaida zaidi. Utangotango hukaa kifuani, mgongoni na shingoni, ukilikwaruza linatoa unga, na dawa ya fangasi ya wiki 2 hadi 4 inaliua. Ila uwe makini: rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi hata fangasi wakishakufa, kwa hiyo weupe uliobaki peke yake si ushahidi kwamba dawa imeshindwa. Ushahidi ni baka jipya, magamba yanayoendelea, au baka linalonenepa. Mbalanga ni weupe wa maziwa, haina magamba, na hupenda midomo, vidole na sehemu za siri. Pumu ya ngozi huanza utotoni na kukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Mtu mzima asiyewahi kuwa na pumu ya ngozi, akianza kuipata akiwa na miaka 45 tena makalioni, anastahili kuangaliwa upya.

Ukoma usiusahau. Kipimo chake cha nyumbani ni pamba. Chonga ncha ya pamba, mfumbishe mgonjwa macho, mguse katikati ya baka na kwenye ngozi nzima kwa zamu bila mpangilio, aonyeshe kwa kidole ulipomgusa. Akikosea kwenye baka na kupatia kwenye ngozi nzima, baka limekufa ganzi, na hapo mpeleke akatibiwe ukoma. Dawa zake hutolewa bure na zinaponya. Mabaka ya limfoma kwa kawaida hayafi ganzi.

Picha za simu husaidia sana hapa kuliko kumbukumbu. Weka sarafu ya shilingi 200 pembeni ya baka, piga picha mchana bila mwanga wa simu, mara moja kila wiki 4, mahali palepale. Mganga akiziona picha 4 zilizopangwa anajua ndani ya dakika moja kitu ambacho maelezo ya nusu saa hayakimwambii.

Sasa kuhusu krimu. Krimu nyingi za mchanganyiko zinazouzwa kwenye maduka ya dawa, pamoja na mkorogo wa kujichubua, zina steroidi kali (dawa za kuzima uvimbe na muwasho) kama betamethasoni au klobetasoli. Ukizipaka kwenye baka la limfoma, linapungua. Unafurahi. Ukiacha, linarudi, na baada ya mizunguko mitatu ngozi imekuwa nyembamba, ina michirizi, na hata kinyama (kipande kidogo cha ngozi au tezi cha kupimwa) kikikatwa hapo mtaalamu wa maabara anaona picha iliyofifishwa. Duka la dawa halina kosa la kukuuzia dawa ya wiki 2. Kosa ni kuitumia miezi 8 bila mtu kuuliza ni ya nini.

Dalili nyingine za ngozi

Magamba ya samaki kwenye miguu ya mtu mzima ambaye hakuzaliwa nayo. Miguu mikavu ipo mingi Iringa na Mbeya wakati wa kipupwe, lakini magamba haya ni ya pembe nne, meusi, yameshikamana, na mafuta ya wiki 4 hayayaondoi. Saratani inayohusishwa nayo zaidi ni limfoma ya Hodgkin. VVU na utapiamlo navyo huweza kuyaleta.

Vinundu vigumu visivyouma, vya rangi ya zambarau au kahawia, vinavyokua kwa wiki na si kwa siku. Jipu huuma, lina joto, linaiva na kutumbuka. Kinundu kisichouma kwenye mguu wa mzee kikifikisha mwezi, kisikandwe wala kisichanjwe.

Mkanda wa jeshi. Kwa mzee wa miaka 70 mara nyingi ni umri tu. Kwa mtu wa chini ya miaka 50, kipimo cha VVU ni lazima. Ukiwa umejirudia, umevuka kwenda upande wa pili wa mwili au umesambaa, na VVU hakuna, kinga imeshushwa na kitu kingine na lazima kitafutwe. Dawa ya virusi ianzwe ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Usisubiri uchunguzi wa saratani.

Vidonda vya kinywa na midomo vinavyochubuka na kugandamana damu, visivyopona kwa wiki, pamoja na malengelenge mwilini. Kama mgonjwa alianza septrini au dawa nyingine mpya wiki chache zilizopita, fikiria kwanza mzio wa dawa, na huo ni wa dharura. Kama hakuna dawa mpya, limfoma imo kwenye orodha.

Vidole, masikio na ncha ya pua kugeuka zambarau kila baridi inapopiga, hasa kama hali hiyo imeanza ukubwani na mkojo unakuwa mwekundu. Baadhi ya limfoma hutengeneza protini zinazoganda au kuharibu damu kwenye ubaridi. Kwa anayeishi Kitulo, dalili hii hujionyesha mapema kuliko kwa anayeishi Kyela.

Kupapasa tezi

Fanya mara moja kwa mwezi kama una muwasho au mabaka yasiyoeleweka, si kila siku. Tezi inayominywa kila siku inavimba kwa kuminywa.

Tumia sehemu laini ya vidole vitatu, si ncha, uzungushe taratibu juu ya ngozi. Shingo: anza nyuma ya masikio, shuka chini ya taya, kisha fuata msuli mkubwa wa pembeni hadi chini. Kwenye shimo lililo juu ya mtulinga, sogeza bega mbele ili ngozi ilegee, kisha kohoa huku vidole vikiwa humo. Kwapa: mkono usiinuliwe juu, maana ngozi inakaza na kuficha kila kitu, ulaze kwenye bega la mwenzako, vidole vyake vipande hadi juu kabisa ya kwapa, kisha vishuke vikigandamiza mbavu. Kinena: lala chali, papasa kwenye mkunjo na chini yake kidogo.

Vipimo vya jikoni vinatosha. Punje ya njegere ni karibu sentimita 0.8, punje ya mahindi ni kama sentimita 1, harage ni kama 1.5. Tezi ya shingo au kwapa inayozidi punje ya mahindi, au ya kinena inayozidi harage, ikikaa zaidi ya wiki 4 bila kidonda kinachoielezea, ipelekwe hospitali. Tezi ya juu ya mtulinga haina ukubwa wa kusamehewa. Ukiihisi tu, nenda. Ya kinena ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu mtu anayelima pekupeku, mwenye funza au nyufa za kisigino, huwa na mitoki midogo miaka yote.

Tezi ya limfoma kwa kawaida haiumi, ni ngumu kiasi na inanesa kama raba ya kufutia, na zinaweza kuwa kadhaa. Wagonjwa wachache sana wa Hodgkin husikia maumivu kwenye tezi dakika chache baada ya kunywa pombe, iwe bia au ulanzi. Ni dalili adimu lakini ya pekee mno, na watu huiacha kuisema kwa kuona aibu ya kutaja pombe mbele ya daktari. Isemwe.

Jasho, homa, uzito

Jasho linalohesabika ni lile linalolowesha fulana na shuka hadi ubadilishe usiku. Mahali pana kazi yake: jasho la kulowesha godoro Makete mwezi Julai, nje kuna jalidi, halielezeki kwa joto. Kyela au Usangu mwezi Novemba, jasho peke yake halisemi mengi. Linganisha na wengine mnaolala chumba kimoja. Usiku mmoja usiuhesabu, hesabu ni usiku mwingapi kwa wiki.

Homa: kipimajoto kwapani jioni, andika kila siku kwa wiki 2. Zaidi ya nyuzi 38 zinazojirudia, na kipimo cha malaria ni hasi, ina maana. Usinywe dawa ya malaria kwa kubahatisha mara ya tatu.

Uzito: kupoteza zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi 6 bila kukusudia. Aliyekuwa na kilo 60 akafika 53 amevuka mstari. Tumia mzani uleule. Mizani ya mazao haifai, inaruka kilo 2 au 3.

Cha kusema na cha kupimwa

Zahanatini muda ni mfupi na foleni ni ndefu. Andika kwenye karatasi, umsomee mganga: «Dokta, nawashwa mwili mzima tangu tarehe 10 Machi. Hakukuwa na vipele kabla ya kujikuna. Nyumbani tulitibiwa upele wote watano tarehe 2 Aprili. Nimepaka mafuta mwezi mzima. Sijapona. Nina tezi shingoni, ina wiki 6. Nilikuwa na kilo 62, sasa 56.» Maelezo ya aina hiyo hayawezi kujibiwa kwa vidonge vya mzio. Ukisema tu «nawashwa», utapewa piritoni, na hutakuwa na haki ya kulalamika.

Vipimo vya kuanzia havihitaji hospitali kubwa: picha kamili ya damu, kasi ya kutuama kwa damu, ini, figo, VVU, na picha ya eksirei ya kifua. Eksirei ndiyo isiyopaswa kurukwa kwa kijana mwenye muwasho wa ndani, kwa sababu uvimbe wa Hodgkin hukaa sana katikati ya kifua na unaweza kuonekana wakati shingo bado ni laini. Damu ikiwa nzuri haiondoi limfoma. Wengi hupima damu, ikaonekana safi, wakaacha kufuatilia.

Njombe na Iringa zina maambukizi ya VVU ya zaidi ya asilimia 11 kwa watu wazima, na Mbeya zaidi ya 9, viwango vya juu kuliko mikoa mingine nchini. VVU huongeza hatari ya limfoma zisizo za Hodgkin na pia ya Hodgkin yenyewe, hata kwa anayemeza dawa vizuri. Kwa hiyo kipimo kikiwa chanya, usikubali kila kitu kielezwe kwa VVU. Vipele vya kuwasha vya VVU vinapaswa kupungua kinga inapopanda. Tezi inayokua wakati virusi vimeshashuka inadai kinyama.

Kifua kikuu cha tezi ndicho kinachochanganywa zaidi na limfoma, maana vyote viwili vina tezi, jasho na kukonda. Tezi za kifua kikuu mara nyingi hushikana kama kichane cha ndizi na zinaweza kutoboka na kutoa usaha, lakini macho hayatoshi. Omba majimaji ya tezi yavutwe kwa sindano na yapimwe vimelea, kwa mashine ya GeneXpert ikiwezekana, kabla ya kuanza dawa. Dawa za kifua kikuu zikianzwa bila ushahidi, wekeni tarehe ya wiki 8. Tezi za kifua kikuu cha kweli nazo zinaweza kuvimba kidogo kwanza kabla ya kupungua, lakini ikiwa wiki 8 zimepita, zinazidi na mgonjwa anakonda, tezi itolewe ikapimwe.

Vidonge vya prednisoloni au sindano za deksamethasoni, ambazo nazo ni steroidi, zisitolewe «kutuliza» kabla ya kinyama. Zinaiyeyusha limfoma kwa muda. Tezi inapotea, daktari wa upasuaji hapati cha kukata, na miezi 2 baadaye ugonjwa unarudi ukiwa umesambaa.

Kinyama

Hiki ndicho kipimo kinachotoa jibu, na ndicho kinachoharibika kirahisi.

Kwa tezi, itolewe nzima. Sindano nyembamba inaweza kuthibitisha kifua kikuu lakini mara nyingi haitoshi kuitaja aina ya limfoma, kwa sababu mtaalamu anahitaji kuona jinsi tezi ilivyojengwa. Kama zipo za shingo na za kinena, ikatwe ya shingo, ile kubwa. Ya kinena huja na kovu la miaka ya vidonda vya miguu. Kwa ngozi, vikatwe vipande 2 au zaidi kutoka mabaka tofauti, milimita 4 hadi 6 kila kimoja, kwenye baka lisilopakwa steroidi kwa wiki 2, na wiki 4 ni bora zaidi. Eneo liwe lisilokunwa.

Kipande kiwekwe mara moja kwenye formalini ya asilimia 10, na formalini iwe mara 10 ya ujazo wa kipande. Chupa ndogo iliyojazwa tezi na matone machache ya formalini juu hutoa kinyama kilichooza katikati. Maji ya kawaida huiozesha, spiriti huikausha, na kuigandisha kwenye friza huipasua. Chupa iwe na mdomo mpana. Tezi iliyosukumwa kwenye chupa ya sindano itakuwa ngumu kutolewa ikishakakamaa, na chupa italazimika kuvunjwa.

Wakati mwingine ndugu hukabidhiwa chupa aisafirishe. Ifungwe kifuniko vizuri, iwekwe ndani ya mifuko 2 ya plastiki, isimame wima kwenye mkoba wako, isiwekwe kwenye buti ya basi wala juu ya injini. Usiifungue kunusa, formalini huunguza macho na koo. Jina kamili, umri, namba ya faili, sehemu iliyokatwa na tarehe viwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Kwenye fomu, daktari aandike pia maneno «nashuku limfoma», muda wa ugonjwa, hali ya VVU na dawa zilizotumika. Bila maneno hayo, maabara inaweza kuandika «uvimbe wa ngozi wa kawaida» na kufunga faili.

Kabla hujaondoka uliza mambo matatu: kinyama kinakwenda maabara gani, namba yake ni ipi, na nirudi tarehe gani. Njia ya rufaa kwa ukanda huu hupitia hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Matibabu ya saratani yanaweza kukufikisha Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na kwa magonjwa ya ngozi yaliyoshindikana kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992. Beba picha za simu, majibu yote na vipande vya kinyama vyenyewe vilivyohifadhiwa maabara ukiweza kuvipata, ili kisikatwe upya.

Usisubiri majibu ya kinyama ukiona haya: uso na shingo vinavimba asubuhi na mishipa ya kifua imejitokeza, au mgonjwa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, miguu inaishiwa nguvu au mkojo unagoma, au ngozi ya mwili mzima imevimba, inabanduka, na mgonjwa anatetemeka. Huyo wa mwisho anapoteza joto na maji kupitia ngozi kwa kasi, na kwenye baridi ya nyanda za juu anaweza kuzidiwa usiku mmoja. Mpake mafuta ya mgando, mfunike kwa shuka safi la pamba kisha mablanketi, mpe maji ya kunywa, msafirishe.

Jibu likija kuwa ni Hodgkin, kuna sababu ya kuharakisha badala ya kukata tamaa: ni kati ya saratani zinazopona vizuri kwa dawa za dripu, hasa ikikamatwa mapema, na muwasho mara nyingi hutulia ndani ya siku au wiki chache tangu dozi ya kwanza. Maikosisi fungoidesi ya mabaka huishi na mtu miaka mingi ikitibiwa kwa dawa za kupaka na mwanga maalumu.

Na jibu likija kwamba si saratani, lakini mabaka yapo palepale, lichukue kama jibu la siku hiyo. Maikosisi fungoidesi ya mwanzo hufanana mno na pumu ya ngozi hata chini ya hadubini, na mara nyingi kinyama cha pili au cha tatu ndicho kinachoitaja. Endelea na picha za kila wiki 4. Baada ya miezi 3 hadi 6, au mapema zaidi baka likinenepa au tezi ikitokea, rudi ukakatwe kingine, kwenye baka jipya, ukiwa umeacha steroidi wiki 4 kabla, na ile ripoti ya kwanza ukiwa nayo mkononi.